Shahidi Asiyeulizwa



Katika mabaraza ya wazee wetu shahidi hakuachwa aseme neno lake kisha akaenda zake. Aliulizwa: Ulikuwa umesimama wapi? Kulikuwa na mbalamwezi au giza? Mbuzi uliyemwona alikuwa na alama gani sikioni? Una ugomvi gani na huyu unayemshtaki? Na kama shahidi alikuwa mtu mwenye cheo, wazee wenye busara hawakuyapunguza maswali, maana walijua kwamba neno la mkubwa ni jiwe zito, nalo likianguka vibaya laua.

Siku hizi amekuja shahidi mpya. Hana ulimi, hana ugomvi na mtu, wala haombi chai. Huandika tarakimu juu ya kioo, na watu wakiisha kuziona hunyamaza. Shahidi huyo ni kompyuta. Somo letu la juma hili lahusu yaliyowapata watu wa Uingereza, ambao kwa muda wa miaka kumi na mitano na zaidi walimsikiliza shahidi huyo mahakamani pasipo kumwuliza ipasavyo.

Yafaa kwanza tueleze jinsi posta za nchi ile zilivyo. Mijini ziko posta kubwa, lakini nyingi mno ni meza moja tu ndani ya duka la kijiji au la mtaa. Mwenye duka hufanya mkataba na Shirika la Posta. Upande mmoja wa duka auza mkate na magazeti; upande wa pili, nyuma ya kioo, auza stempu, apokea akiba, alipa pensheni za wazee. Yeye si karani wa mshahara. Ni wakala, mtu aliyetia akiba yake yote katika duka lile, na wengi waliweka na nyumba zao rehani. Kijiji kizima chamjua, na vikongwe humpa barua zao awasomee. Kwa mtu wa namna hiyo jina jema ndilo mtaji, maana nani atapeleka fedha zake kwa mwenye duka anayesemwa kuwa mwizi?

Katika mkataba wake mlikuwamo sharti moja, kwamba atalipa upungufu wa fedha uliotokana na uzembe wake au kosa lake. Shirika lilikuja kulisoma sharti hilo kana kwamba lasema atalipa upungufu wowote, wa namna yoyote, hata usiojulikana ulikotoka. Msomaji alishike neno hili, kwa sababu mashine peke yake isingalimfunga mtu hata mmoja. Ilihitaji karatasi ya mkataba iliyosomwa vibaya.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwaka 1996 kampuni ya ICL, ambayo ilikuwa mikononi mwa Fujitsu ya Japani, ilipewa kazi ya kutengeneza mtambo wa kompyuta kwa ajili ya posta, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kulipa posho za serikali kwa kadi. Kazi ikachelewa, gharama zikapanda, na mwaka 1999 wizara iliyohusika na posho ikajitoa. Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika, na hapana aliyetaka kusema kwamba zimepotea. Basi mtambo ukapunguzwa, ukapewa kazi ya kutunza hesabu za posta tu. Ilikuwa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja, akaikataa, fundi akaikata mikono akamvika mwingine. Mtambo huo uliitwa Horizon, na kuanzia mwaka 1999 ulipelekwa katika maelfu ya posta nchini kote.

Kabla ya hapo mwenye duka alikuwa na daftari na karatasi zake. Hesabu zisipolingana aliketi usiku akirudi nyuma, mstari kwa mstari, mpaka alipolipata kosa: labda hundi imeandikwa mara mbili, labda noti imeshikamana na noti. Horizon ilipokuja, hesabu zikaondoka mikononi mwake zikakaa mbali, mahali ambapo yeye hakuweza kufika. Alichobakiwa nacho ni jumla iliyotokea juu ya kioo.

Tutatoa mfano mmoja, nao yafaa tuufuate polepole, kwa sababu watu wengi husikia kwamba kompyuta ilikosea nao hawajui hukosea kwa njia gani. Mwezi wa Oktoba 2015 bibi mmoja katika mji mdogo wa Dalmellington, Scotland, alikuwa akihamisha pauni 8,000 kutoka posta yake kwenda katika tawi la nje alilolihudumia. Fedha zilikuwa katika mfuko mmoja wenye alama ya kusomwa na mashine. Aliisoma alama, kisha akabonyeza kitufe cha kukubali kwamba fedha zimepokelewa. Kioo hakikuonyesha badiliko lolote. Akabonyeza tena, kama ambavyo mimi nawe tungalifanya, kama mtu anavyobisha hodi mara ya pili asipoitikiwa. Lakini ndani ya mashine kila mbonyezo uliandikwa kuwa ni mfuko mpya wa pauni 8,000. Fedha zilihamishwa mara moja. Mashine ikaandika mara nne. Pauni 24,000 ambazo hazikuwapo duniani zikawa deni.

Twaona basi kwamba mashine haikukosea kujumlisha. Nane mara nne ni thelathini na mbili, wala hapana awezaye kuishinda katika jambo hilo. Ilikosea kuhusu kilichotendeka dukani, jambo ambalo haikuliona. Iliambiwa na programu yake kwamba kila mbonyezo ni mfuko, nayo ikaamini. Na programu iliandikwa na watu, katika ofisi iliyokuwa na haraka, kwa kazi iliyokuwa imekwisha kubadilishwa katikati.

Kosa la Dalmellington liligunduliwa mapema. Makosa mengine, yaliyotangulia kwa miaka mingi, hayakumfaa mtu. Mwenye duka aliyeona upungufu alipiga simu kwa wasaidizi wa Shirika. Mama mmoja mwenye duka katika kijiji cha Hampshire alikuwa na upungufu wa pauni 2,000. Alifuata maagizo aliyopewa kwa simu, na mbele ya macho yake upungufu ukawa pauni 4,000. Wengi waliopiga simu walijibiwa neno moja lililofanana: hapana mtu mwingine mwenye shida hii, ni wewe peke yako. Wakati huohuo mafundi wa Fujitsu walikuwa na orodha yao ya makosa yaliyojulikana, waliyokuwa wakiyaandika ili kusaidiana kuyatengeneza. Fundi mwenye akili huandika orodha ya namna hiyo. Si aibu kwake, bali ni dalili ya kazi safi, kama fundi saa anayejua saa ipi huchelewa. Aibu ilikuwa kwamba orodha ilikuwapo ghorofa ya mafundi, na katika ofisi za wanasheria na za wakubwa ilisemwa kwamba mtambo hauna kasoro.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini wasikatae tu? Jibu lake lahuzunisha. Mwisho wa kila muda wa hesabu ilimlazimu mwenye duka kuikubali jumla ya kioo, ndipo mtambo umfungulie kazi za siku ya pili. Asipokubali, hawezi kufungua posta. Wazee wamesimama mlangoni wangoja pensheni. Akikubali, amethibitisha kwa mkono wake kwamba fedha zipo, nazo hazipo. Wengi walitoa fedha zao mfukoni, wakakopa kwa ndugu, wakauza walichonacho, wakijaza shimo lisilokuwako. Waliokwisha kuishiwa walikubali jumla wakitumaini kosa litajirekebisha. Walipokuja wakaguzi, kukubali kule kukaitwa kughushi hesabu. Wengi walishtakiwa kwa wizi pia, kisha wakaambiwa kwamba wakikiri kughushi na kulipa, shitaka la wizi litaondolewa. Hivyo watu wasio na hatia walikiri, ili wasitengwe na watoto wao kwa kifungo kirefu. Yule mama wa Hampshire alikiri vivyo hivyo. Wanakijiji wake walichanga fedha kumsaidia, na siku ya hukumu walikuja mahakamani wengi pamoja naye. Waliijua mashine kidogo, lakini yeye walimjua sana.

Tena kulikuwa na jambo ambalo sisi twaliona baya kupita mashine yenyewe. Katika sheria za Uingereza Shirika la Posta liliweza kushtaki lenyewe, pasipo kupitia kwa polisi wala kwa mwanasheria wa serikali. Yaani yeye aliyesema ameibiwa ndiye aliyepeleleza, ndiye aliyekata shauri kwamba kesi iende, ndiye aliyemshtaki mtu, na mwisho ndiye aliyedai fedha. Katika baraza gani la kwetu mwenye mbuzi aliyepotea hukalia viti vyote namna hiyo?

Na sheria ya ushahidi nayo ilikuwa imefungua mlango. Sheria ya mwaka 1984 ilitaka kwamba anayeleta mahakamani maandishi yaliyotoka katika kompyuta athibitishe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Wanasheria wakalalamika kwamba jambo hilo ni zito, lapoteza wakati, na kwamba kompyuta sasa zimekuwa vyombo vya kila siku. Mwaka 1999 Bunge likaifuta kanuni hiyo. Tangu hapo mahakama ikachukua kwamba mashine i sawa, mpaka mtu aonyeshe vingine. Lakini mwenye duka ataonyeshaje vingine, naye hana ruhusa ya kuzifikia hesabu zilizomo ndani, wala fedha za kumwajiri mtaalamu? Hata hivyo, mwaka uleule wa 1999 Horizon ikaanza kuingia madukani. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili yalipangwa pamoja. Yalikutana njiani, na waliokuwa katikati wakakanyagwa.

Walioshtakiwa na kutiwa hatiani katika miaka ya 1999 hadi 2015 ni zaidi ya 900. Wengi wao walishtakiwa na Shirika lenyewe, karibu mtu mmoja kila juma. Zaidi ya 200 walikwenda gerezani. Mmoja wao alikuwa mama mwenye mimba changa, aliyehukumiwa mwezi wa Novemba 2010 kifungo cha miezi 15. Wengine hawakushtakiwa, lakini walinyang’anywa duka, wakafilisika, wakahama kijiji kwa sababu watoto wao walionewa shuleni. Hakimu mstaafu Sir Wyn Williams, aliyewekwa kuongoza uchunguzi wa serikali, alitoa sehemu ya kwanza ya taarifa yake mwezi wa Julai 2025. Alisema kwamba yamkini watu 13 au zaidi walijitoa uhai kwa ajili ya mambo haya.

Katika miaka hiyo Shirika liliendelea kusema kwamba hapana awezaye kuzibadilisha hesabu za mwenye duka ila mwenye duka mwenyewe. Neno hilo lilikuwa nguzo ya kesi zote: kama hakuna mkono mwingine, basi mkono ni wako. Baadaye ikadhihirika kwamba mafundi wa Fujitsu waliweza kuingia kutoka mbali na kuzigusa hesabu hizo, na mwenye duka asijue.

Aliyeanza kuling’oa jambo hili ni mwenye duka mmoja wa Llandudno, Wales, jina lake Alan Bates. Mashine ilipomdai, hakukubali wala hakulipa. Aliandika barua, akaomba aonyeshwe upungufu umetoka wapi. Mwaka 2003 Shirika likamvunjia mkataba pasipo kueleza sababu. Wengine wangalikwenda zao. Yeye aliweka nakala ya kila barua. Mwezi wa Mei 2009 gazeti moja la mambo ya kompyuta, Computer Weekly, likaandika habari za wenye maduka saba, Bates akiwa mmoja wao. Baadaye mwaka huohuo akawaita wenzake wakutane katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton, katikati ya nchi, ili kila mtu afike kwa urahisi. Waliokuja walikuwa kila mmoja amekwisha kuambiwa kwamba ni yeye peke yake. Walipotazamana mle ukumbini, uongo ule ulikwisha papo hapo, pasipo mtaalamu wala wakili.

Hata hivyo njia ilikuwa ndefu bado. Wakaguzi wa hesabu wa nje waliajiriwa mwaka 2012, wakaanza kusema yasiyopendeza, na mwaka 2015 wakaachishwa. Wenye maduka 555 wakafungua kesi kwa pamoja. Mwaka 2019 Jaji Fraser akatoa hukumu mbili: ya kwanza juu ya mkataba, ya pili, ya tarehe 16 Desemba, juu ya mashine. Alisema kwamba Horizon ilikuwa na makosa ya kutosha kuleta upungufu madukani, na msimamo wa Shirika akaufananisha na wa watu washikao kwamba dunia ni bapa kama meza. Shirika lilikubali kulipa pauni milioni 57.75. Lakini walioikopesha kesi fedha na mawakili walichukua sehemu kubwa, hata kila mdai akabakiwa na karibu pauni 20,000, mahali ambapo wengine walikuwa wamepoteza nyumba. Tarehe 23 Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu za watu 39. Mamia ya wengine walingoja. Mwezi wa Januari 2024 mchezo wa televisheni ukaonyesha habari hizi, na taifa likakasirika kwa juma moja kuliko lilivyokuwa limekasirika kwa miaka ishirini. Kufikia mwezi wa Mei Bunge likawa limepitisha sheria ya kuzifuta hukumu zilizobaki kwa mkupuo. Twashangaa kidogo kwamba mchezo wa kuigiza ulifanya kazi ambayo hukumu ya jaji, iliyoandikwa kurasa mamia, haikuweza kuifanya. Lakini wasomaji wa hukumu ni wachache.

Mtu atasema: Je, mwataka turudi kwenye kalamu na wino? La. Karani wa daftari naye hukosea, tena huiba. Na kompyuta imewaondolea watu kazi nyingi za kuchosha. Tena haifai kuwatupia mafundi lawama yote, maana hapana programu kubwa isiyo na kosa, na fundi mwaminifu ndiye wa kwanza kukuambia hivyo. Ukitaka kusikia kwamba mashine haikosei, usimwulize aliyeitengeneza. Mwulize aliyeiuza, au mkubwa aliyeweka sahihi kuinunua. Mwezi wa Januari 2024 mkuu wa Fujitsu katika Ulaya aliomba radhi mbele ya wabunge, na katika uchunguzi akakiri kwamba makosa ya mtambo yalijulikana tangu mwanzo. Watu walikuwa wamekwisha kwenda gerezani na kurudi.

Akina baba na akina mama, msidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, vibanda vya mawakala wa fedha za simu vimeenea mpaka vijijini, na katika nyumba nyingi mtoto wa kiume au wa kike ndiye anayekaa kibandani. Yeye naye amepokea mtaji wa wazazi, naye jioni huhesabu noti zake na kuzilinganisha na tarakimu za simu. Mawakala wengi bado wana daftari ubavuni: jina, kiasi, saa, sahihi ya mteja. Vijana wengine hulicheka daftari hilo kuwa ni mambo ya kizee. Lakini siku tarakimu zitakapokataa kulingana, ndilo litakalosema ni nani aliyekuja, saa ngapi, na kwa shilingi ngapi. Mzazi amtakaye mwanawe heri asimruhusu kuliacha. Na kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, wausome pamoja mezani mahali panapoandikwa juu ya upungufu, na waulize: upungufu gani, uliosababishwa na nani, na nani atakayethibitisha?

Kwetu Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yagusa jambo hili. Maandishi ya kompyuta hupokelewa mahakamani, lakini ili mtambo udhaniwe kuwa ni wa kuaminika yatakiwa pawepo ushahidi kwamba ulikuwa ukifanya kazi sawasawa wakati ule. Ni kanuni njema. Kanuni njema nayo hulala kama hapana anayeiamsha, na mshtakiwa asiyejua kwamba anaruhusiwa kuuliza hataamsha kitu.

Huko Uingereza, kufikia katikati ya mwaka 2025, serikali ilikuwa imekwisha kulipa fidia inayozidi pauni bilioni 1, na wazee wengine walikuwa wamekufa kabla ya zamu yao. Mwezi wa Januari mwaka huohuo wizara ya sheria ilianza kukusanya maoni, kama kanuni ya kuiamini kompyuta ibaki au iondoke. Mtambo wa Horizon wenyewe ulikuwa haujaondolewa. Mwaka huo wa 2025 wenye maduka walikuwa bado wakifunga milango yao jioni, wakihesabu noti na sarafu juu ya meza, mara moja na mara ya pili, kisha wakiinua macho kukitazama kioo.